Wacha Kuuziwa Spidi Hutatumia

Wasee wa Umoja na Kayole, hiyo kompyuta ya kila kitu ndani ya skrini, ile ya 2012 hapo kwa saiba, haijakufa. Hadi-diski ndiyo imechoka.

Ukishuka tao, kuna muuzaji atakuambia uchukue NVMe juu ndiyo mpya. Nakataa! Mashine nyingi za enzi hiyo hazina hata mahali pa kuichomeka. Tafuta SSD ya SATA, inchi 2.5. Inasoma karibu MB 500 kwa sekunde, na hadi-diski ya zamani hufika kama 100 tu. Inatosha kabisa.

Mbaya zaidi ni ile "TB 2" ya bei ya viatu vya mtumba. Mimi niliingia box. Ndani kulikuwa na GB chache, chipu imepangwa idanganye. Faili mpya zikafuta za zamani, video zangu za miezi zikaenda.

So nunua GB 500, kampuni inayojulikana, waranti iandikwe kwa risiti. Ijaze yote siku hiyo hiyo, ufungue faili zote, ndio uiamini. Anayekuita mshamba hatakurudishia kazi yako.