MZIGO WA MKATABA AU MZIGO WA SOKONI?



Wengi wetu ni madereva na mataniboi wa kuajiriwa. Lakini katika matawi ya Kitale na Bungoma wako wenzetu walionunua lori moja kwa mkopo, nao wenyewe ndio wanaoliendesha. Hao wanatuuliza: ni heri kufunga mkataba na kiwanda, au kungoja mzigo wa siku kwa dalali? Swali hili si lao peke yao. Mwenye lori akikubali bei ya chini, posho ya taniboi ndiyo inayokatwa kwanza.

Tuanze na mzigo wa sokoni. Mahindi ya Trans Nzoia huvunwa tangu Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo malori hutafutwa, na mwenye lori huweza kusimama imara katika bei yake. Kabla ya kupanda, mbolea huja kutoka Mombasa, na safari ya kurudi nayo hupata mzigo. Lakini mvua ikishika na maghala yakiwa matupu, lori hulala Kitale wiki nzima, na benki hungoja pesa zake vile vile. Hapo dalali ndiye bwana.

Tena dalali hulipa kwa gunia. Magunia 110 ya kilo 90 ni karibu tani 10. Lori tupu likiwa na tani 7, jumla ni 17. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli mbili tani 18, lori na mzigo pamoja. Dalali akisema, "Ongeza gunia 20," umevuka. Ukikamatwa katika mzani wa Webuye, dalali hayupo. Mwenye lori ndiye anayeulizwa.

Sasa mkataba. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na uchukuzi wa miwa umelisha nyumba nyingi za Bungoma. Mwenye mkataba anajua kesho atabeba nini. Lakini mkataba nao una meno. Bei ya tani huweza kuandikwa kwa mwaka mzima, hali bei ya dizeli hutangazwa upya kila mwezi. Miwa ikikaa foleni hukauka na uzito hupungua. Aliyengoja siku mbili amepoteza siku na tani pia. Na asiyeandikiwa siku ya kulipwa anamkopesha tajiri bila riba.

Wala mkataba si wa milele. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, lori lililokuwa likitegemea magogo yake tu lilibaki bila kazi.

Kwa hiyo twasema: usitie sahihi kabla ya kuona mambo manne katika karatasi.

1. Siku ya malipo, na riba ikiwa siku hiyo imepita.
2. Bei kupanda na kushuka pamoja na dizeli.
3. Malipo ya kungoja foleni baada ya saa zilizokubaliwa.
4. Tani zisizopungua kiasi fulani kila mwezi.

Mtu mmoja mwenye lori moja akidai haya, ataambiwa kuna wengine mlangoni. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Sheria ya vyama vya ushirika yaruhusu watu 10 kuandikisha chama. Malori 10 yakiwa pamoja, 6 yaweza kushika mkataba na 4 kufuata mavuno, kwa zamu, na mapato kugawanywa kwa haki. Basi mkataba ukivunjika, hakuna aliyeachwa mikono mitupu. Na soko likipanda, kila mtu ameonja.

Watakuwapo watakaosema, "Desemba napata zaidi nikiwa peke yangu." Ni kweli. Lakini mkopo hulipwa miezi 12, si Desemba tu. Na anayebeba kwa bei ya kutupa mwezi wa Mei amemvunjia mwenzake bei ya mwezi wa Juni.

Matawi yote mawili yalizungumze jambo hili kabla ya mavuno, na mataniboi wawepo, maana posho yao imo ndani ya hesabu hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.