Zeze Darasani: Funzo Litokalo kwa Hukwe Zawose

Katika shule nyingi za msingi kipindi cha muziki huishia ubaoni. Mwalimu huandika do, re, mi, watoto hunakili, kengele hulia. Sababu itolewayo ni kwamba shule haina ala. Sisi tufundishao ualimu hapa Kigoma hatuikubali sababu hiyo, na mfano wa kuipinga umo humu nchini.

Marehemu Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wagogo, Dodoma. Alijifunza zeze na ilimba kwa kusikiliza na kuiga, si kwa kusoma noti. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na leo kiitwacho TaSUBa. Alipiga muziki wake hadi Ulaya, akafariki mwaka 2003.

Zeze hupigwa kwa upinde kama selo, ile fidla kubwa ya Ulaya ishikwayo baina ya magoti. Wapigaji wa selo hufunzwa pia katika vikundi vya watu watatu au wanne, visivyo na kiongozi wa kupunga fimbo. Kila mmoja humsikiliza mwenziwe. Zawose naye aliketi kati ya jamaa zake, akapiga na kuimba pamoja nao, nao vijana wakajifunza papo hapo. Ala zatofautiana, lakini njia ya kufundisha ni moja: sikio hutangulia, mkono hufuata, maandishi huja mwisho.

Mwalimu mtarajiwa afanyeje basi? Kibuyu, ngozi, ufito na waya mmoja wa breki ya baiskeli vyatosha kuunda zeze. Kibirizi na Ujiji hazikosi makopo ya kutengenezea manyanga. Agawe darasa katika vikundi vya watoto watano: mmoja zeze, wawili manyanga, mmoja ngoma, mmoja sauti. Apige kifungu kifupi. Watoto wakirudie mpaka wakikamate. Kisha aache kupiga makofi ya kuwaongoza, wasikilizane wenyewe. Na kama kijijini yuko mzee ajuaye zeze, amwalike. Huyo ni mwalimu mwenzake.

Tutaambiwa kwamba darasa lina watoto wengi, na kwamba si kila mwalimu ni Zawose. Ni kweli. Lakini vikundi vyaweza kupokezana, wengine wakisikiliza na kusahihisha. Na hatutafuti mabingwa. Twataka mtoto asimalize shule ya msingi pasipo kugusa ala hata mara moja. Mtoto aliyezoea kunyamaza ili amsikie mwenziwe hupata zaidi ya muziki: hupata adabu ya kufanya kazi na wenzake. Ubao hauwezi kumfundisha hilo. Tusingoje piano, tuanze na kibuyu.