Tiba ya michezo ifundishwe sekondari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo sisi walimu wa vijijini tunalikuta kila msimu wa michezo, nalo ni vijana kuumia viwanjani bila kuwapo mtu anayejua la kufanya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi wangu wakimaliza hujiunga na sekondari ya kata, na wakati wa likizo hurudi kijijini. Hao ndio wanaounda timu, ndio waamuzi, na ndio wanaowafundisha wadogo zao kucheza. Zahanati iko mwendo wa saa moja kwa miguu. Hivyo mchezaji akianguka, wa kwanza kumshika ni kijana mwenzake, na dakika kumi za mwanzo zimo mikononi mwake, apende asipende.

Je, dakika hizo hutumiwaje? Aliyeteguka kifundo cha mguu huchuliwa kwa nguvu na kukandwa kwa maji ya moto papo hapo, mguu ukazidi kuvimba. Anayetoka damu puani huelekezwa kichwa nyuma, damu ikamshukia kooni. Aliyeanguka kifafa hutiwa kijiko mdomoni. Mwaka jana, katika mechi ya vijiji viwili, kijana mmoja aliangukia mkono, kiwiko kikatoka mahali pake. Kabla walimu hatujavuka uwanja, mashabiki wawili walikuwa wamekwisha kuuvuta mkono ule ili waurudishe. Hospitalini ilionekana kuwa na mfupa umevunjika, na hadi leo mkono wake haunyooki. Kijana huyo ndiye aliyetegemewa kwao kwa kilimo. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wote walitaka kusaidia, ila hakuna aliyekuwa amefundishwa.

Huko Marekani shule nyingi za sekondari zina somo la utangulizi wa tiba ya michezo. Mwanafunzi hujifunza mifupa, viungo na misuli, jinsi ya kuzuia maumivu, na jinsi ya kumhudumia aliyeumia kabla hajafikishwa kwa mganga. Sisemi tuige kila kitu cha wenzetu, lakini hili linatufaa sisi kuliko wao, kwa sababu wao gari la wagonjwa huwafikia mapema.

Mambo yenyewe si magumu. Aliyeteguka apumzishwe, afungwe bendeji isiyobana mno, mguu uinuliwe, na pasipo barafu kitambaa kilicholowanishwa kwa maji ya mtungi hupunguza maumivu. Mkono uliovunjika au kutoka mahali pake usivutwe; ufungwe kwa kanga jinsi ulivyo na mgonjwa apelekwe hospitali. Anayetoka damu puani ainamie mbele na kubana pua kwa dakika 10. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu au kuchanganyikiwa asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema amepona. Aliyeanguka ghafla, haitiki wala hapumui kawaida, watu waitwe na kifua chake kikandamizwe katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusubiri. Mwaka 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa dakika 78 baada ya kuanguka uwanjani mjini London. Yu hai kwa sababu waliokuwapo walianza kazi hiyo pale pale kwenye nyasi.

Wapo watakaosema kwamba shule zetu zina upungufu wa vitabu na hata mipira, hivyo somo jipya ni anasa. Nawajibu kwamba mifupa na misuli tayari imo katika somo la Baiolojia. Kinachohitajika ni kipindi kimoja kwa wiki, mganga au muuguzi wa zahanati aalikwe mara chache kwa muhula, na kila shule iwe na sanduku la huduma ya kwanza lisilofungiwa ofisini siku ya mechi. Wengine watahofu kuwa vijana watajifanya madaktari. Mimi naona kinyume chake: asiyefundishwa ndiye anayevuta kiwiko. Aliyefundishwa hujua mahali kazi yake inapokoma.

Sisi wa Mbulu tunajivunia John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hadi mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Kila mwaka tunawasimulia watoto juu ya moyo wake, na ni haki yake. Lakini picha yake maarufu inamwonyesha akiwa na mguu uliofungwa bendeji. Tunamsimulia mkimbiaji, hatumsimulii aliyemfunga ile bendeji. Matokeo yake mtoto hujifunza kuvumilia maumivu tu, akacheza na mguu mbovu mpaka ukaharibika kabisa.

Kwa hiyo naishauri Wizara ya Elimu, ikishirikiana na zile za Afya na Michezo, ianze na shule chache za kila mkoa, na isiruhusu timu ya UMISSETA kwenda kambini bila wanafunzi wawili waliopata mafunzo haya. Vyuo vya ualimu navyo viyape uzito, maana UMITASHUMTA nayo ina watoto wanaoanguka.

Tunatumia fedha nyingi kwa jezi na vikombe. Vikombe tunavirudisha na vumbi likakaa juu yake. Mkono uliolemaa mwenyewe hukaa nao maisha yake yote. Nawaomba wahusika walitazame jambo hili kabla msimu mwingine wa michezo haujaanza.

Mwalimu wa Kijijini,
Mbulu.