Bao la Halali

Wako watu wasemao kwamba mchezoni hakuna kweli wala uongo, ila kushinda na kushindwa. Mchezaji akimdanganya mwamuzi, humsifu kwa werevu wake. Neno hilo ni ovu, nalo lapasa kupingwa.

Igor Netto, mchezaji wa kiungo, aliichezea Spartak ya Moscow tangu mwaka 1949 hata 1966, asihamie klabu nyingine. Akiwa nahodha wa timu ya Umoja wa Kisovieti, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1956 na Kombe la Ulaya mwaka 1960. Mwaka 1962, katika Kombe la Dunia huko Chile, walipambana na Uruguay. Timu zilikuwa sare, bao moja kila upande, mpira wa Chislenko ulipopenya katika tundu la ubavuni mwa wavu. Mwamuzi akakubali bao. Netto akamjulisha kwamba mpira ulipita nje, bao likafutwa.

Wateteao hila husema kuona ni kazi ya mwamuzi peke yake. Mwamuzi ana macho mawili tu; aonaye kosa akanyamaza ili afaidike ni mshirika wa kosa. Tena husema mkweli huiponza timu yake. Mbona Ivanov alifunga bao la halali karibu na mwisho, wakashinda mabao 2 kwa 1? Na hata kama wangalishindwa, Netto asingalipungukiwa na heshima.

Enyi vijana, aibaye bao uwanjani leo, ataona haya gani kuiba majibu ya mtihani kesho?