Omera, weka hiyo dawa chini

Wasee wa Kisumu, kuna mdudu tunaua bure. Ni yule wa kijani-bluu anayemetameta kama rangi ya kucha, anayezungukazunguka ukutani jua likiwaka, iwe ni Nyalenda ama Milimani. Mtu akimwona tu anasema, "Hiyo ni sumu!" kisha anakimbilia dawa.

Huyo ni nyigu, na jamii yake ina spishi karibu 3,000 duniani. Wengi wao hata hawawezi kukudunga. Mwiba wao uligeuka mrija wa kutagia mayai. Ukimsumbua, anajikunja kama mpira, basi.

Lakini ni mwizi, hiyo sikatai. Kuna nyigu mwingine, fundi, mwenye kiuno chembamba kama uzi. Anabeba matope kidogo kidogo na kujenga vyumba ukutani mwako. Kila chumba anakijaza buibui aliowadunga wakapooza, anataga yai moja, kisha anaziba. Yule wa kijani anamvizia. Fundi akitoka kuwinda, yeye anaingia na kutaga lake. Buu lake likitoka kwa yai, linamla mtoto wa fundi. Kuna spishi zingine ambazo buu lake linaua yai la mwenyewe, halafu linakula chakula chote kilichowekwa.

Sasa mtu ataniambia, "Si ndio afe?" Mimi nasema hapana. Dawa haichagui: inaua mwizi, inaua na fundi aliyekuwa anakupunguzia buibui. Halafu huyu mwizi anaishi tu mahali mafundi wako wengi. Ukimwona, jua ukuta wako bado una uhai. Landilodi akikwangua kila tope kabla ya kupaka rangi, anawamaliza wote pamoja.

Sisemi mlale na nyigu wa kila aina. Wale wanaoishi kwa kundi, kiota chao kama karatasi kikining'inia juu ya mlango, hao wanalinda kwao na wanadunga vibaya. Tafuta mtu anayejua kazi awatoe. Fundi wa matope anaishi peke yake na hana shida na wewe. Ngoja kila chumba kiwe na tundu, maana yake wenyewe wameshatoka, ndio ukwangue.

Kesho saa sita mchana, angalia ukuta wa ploti yenu. Ukimwona wa kijani, piga picha, usipige dawa.