Likizo ya siku nne si dharau kwa walio kambini

Kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, simu moja inaweza kuleta furaha asubuhi na ugomvi mangaribi. Asubuhi, kaka aliye Afrika ya Kusini anatuma feza za unga na dawa. Mangaribi, picha yake inaonekana kwenye WhatsApp: amesimama na bibi yake katikati ya mizabibu, kila mmoja na glasi ya divai mkononi. Hapo maneno yanaanza: "Sisi tunalala kwenye hema inayovuja, wao wanakunywa!" Kesho yake kaka hapokei simu tena.

Ugomvi wa namna hii unastahili kuzungumzwa wazi, kwa sababu unaumiza pande zote mbili. Ukweli ni kwamba likizo fupi ya bwana na bibi si kosa. Kosa linaanza pale inapofanywa kwa deni, kwa siri, au kwa feza zilizokwisha kuahidiwa mgonjwa.

Walio kambini wajue kwanza maisha ya hao wawili. Wakongomani wengi huko Cape Town na Johannesburg wanalinda magari barabarani, wanafanya ulinzi wa usiku, wanasuka nywele, wanauza nguo sokoni. Bwana anarudi asubuhi, bibi naye anatoka. Wanapishana mlangoni kama abiria kwenye kituo cha basi, mwaka mzima. Ndoa ya namna hiyo ikivunjika, nyumba inakuwa mbili, kodi inakuwa mbili, na feza za kambini ndizo zinakatwa kwanza. Kwa hiyo siku chache za kupumzika pamoja zinalinda hata jamaa iliyobaki nyumbani.

Lakini kupumzika kunahitaji mpango, na mpango sherti ufanywe na wawili. Kabla ya kukata tiketi, wakae mezani na karatasi: tuna feza ngapi, zimetoka wapi, na mwezi ujao tutatuma nini nyumbani? Ile ya nyumbani iwekwe pembeni kabla ya kuhesabu chumba na chakula. Ikibaki kidogo, safari iwe ndogo. Isipobaki kitu, wangojee.

Kisha wahesabu njia. Kutoka Johannesburg mpaka Cape Town ni karibu kilometa 1,400, na basi linakula karibu siku nzima. Mwenye likizo ya siku nne akipanda basi kwenda na kurudi, atabaki na siku mbili tu. Afadhali aongeze siku, au akusanye polepole feza ya ndege. Anayeishi Cape Town ana bahati: Stellenbosch iko karibu kilometa 50, na Franschhoek haifiki 100. Kwa huyo usiku mmoja au mawili yanatosha. Na mwenye mfuko mdogo zaidi asione haya kubaki mjini, maana Groot Constantia, shamba la divai lililoanza mwaka wa 1685, liko ndani ya Cape Town kwenyewe.

Wachague pia majira. Mavuno ya zabibu yanaanza Januari na kuendelea mpaka Machi au zaidi. Mashamba yanapendeza, lakini wageni ni wengi na vyumba vina bei. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni baridi na mvua, na mara nyingi vyumba vinashuka bei.

Huko mjini, mambo mawili yanategemea hewa: gari la kamba linalopanda mlima wa Table Mountain linasimamishwa upepo ukiwa mkali, na mashua ya Robben Island haiondoki bahari ikichafuka. Mwenye akili anaweka hayo mwanzoni mwa safari, ili yakishindikana kuwe na siku nyingine. Robben Island isiachwe. Ndiko Nelson Mandela alikaa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake.

Kuhusu divai yenyewe, wengi wanadanganyika. Kwenye shamba, kuonja kunalipiwa, na mgeni anapewa kidogo kidogo katika glasi. Kuna ndoo ya kutemea, na kutema si aibu, kwani hata mafundi wa divai wanatema. Anayeendesha gari asinywe kabisa. Franschhoek kuna tramu na mabasi ya kupeleka wageni shamba kwa shamba, na hilo ni bora kuliko kubishana jioni nani ashike usukani. Na kama mmoja hanywi kwa sababu ya imani yake, asilazimishwe. Milima, chakula na mazungumzo vinatosha.

Tena, walio kambini wangefaidika kusikia historia ya bonde lile. Jina Franschhoek maana yake ni kona ya Wafaransa. Wafaransa hao walikuwa wakimbizi. Mwaka wa 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliondoa sheria iliyokuwa inawalinda Waprotestanti, na wengi wakakimbia. Mwaka wa 1688 kundi lao lilifika Cape kwa merikebu za Kampuni ya Waholanzi, wakapewa mashamba. Ndiyo maana hata leo msomaji wa Congo atakuta huko majina anayoyaelewa bila mkalimani: La Motte, La Provence. Lakini shule ilikuwa ya Kiholanzi, na baada ya vizazi vichache Kifaransa kikapotea kwenye vinywa vya watoto wao. Wazazi wanaolea watoto mbali na kijiji wanaelewa uchungu huo.

Hadithi hiyo isisimuliwe nusu. Ardhi waliyopewa wakimbizi hao ilikuwa ya watu wengine: Wakhoikhoi walikuwa wakichunga ng'ombe zao pale tangu zamani. Na kazi kubwa ya mizabibu ilifanywa na watumwa, waliotolewa Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Mkimbizi wa jana aligeuka bwana wa mtumwa. Utumwa ulifutwa mwaka wa 1834, na watumwa wakafungiwa tena miaka minne ya kile kilichoitwa mafunzo, mpaka 1838. Barabarani kati ya Stellenbosch na Franschhoek kuna kijiji kinaitwa Pniel, kilichoanzishwa na misheni mwaka wa 1843 kwa ajili ya walioachwa huru. Bwana na bibi wakipita hapo bila kusimama, wameona nusu ya inchi tu.

Hata baada ya utumwa, kulikuwa na desturi ya kulipa vibarua sehemu ya mshahara wao kwa divai. Sheria iliikataza katika miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea nayo kwa muda mrefu. Matunda yake yanaonekana mpaka leo: jimbo lile lina watoto wengi waliozaliwa na ulemavu kwa sababu ya pombe iliyonywewa na mama mjamzito. Kwa hiyo mtu anayesema divai ni starehe ya watu wenye maendeleo, na kasiksi ni ulevi wa masikini, hajui anachosema. Pombe ni pombe. Bibi mwenye mimba aiache, iwe imetoka kwenye zabibu au kwenye ndizi.

Njiani huko huko, karibu na Paarl, kuna gereza lililoitwa Victor Verster. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka kwenye mlango wake akitembea kwa miguu, ameshikana mkono na bibi yake, Winnie. Bwana na bibi wakipiga picha moja tu ya kutuma nyumbani, hapo panafaa kuliko penye glasi.

Na kabla ya kutuma picha yoyote, wapige simu. Waseme: "Mama, tumepumzika siku tatu. Feza yenu ya mwezi iko palepale." Maneno hayo mafupi yanazima moto mkubwa. Upande wa kambini nao uwe na haki. Anayehesabu glasi kwenye picha ahesabu pia miezi ambayo kaka alituma bila kukosa. Hata kambini watu wanaoa, wanacheza, wanagawana kinywaji, na hakuna anayesema wamesahau vita. Kwa nini aliye mbali ndiye akatazwe kucheka?

Bwana na bibi walio ndani ya hema nao wasiache kupanga. Vita vimewanyang'anya nyumba na shamba, na kwa wengi vimenyang'anya hata desturi ya kukaa wawili na kuulizana: kesho tufanye nini? Hema moja, watoto sita, hakuna mlango wa kufunga. Lakini jirani anaweza kuombwa aangalie watoto Jumapili mchana, na wawili wakatembea mpaka kwa wakwe, wakala mahindi ya kuchoma njiani, wakapanga namna ya kulipa masomo. Hiyo haihitaji ndege wala viza. Aliye na siku nne Cape Town na aliye na saa mbili za Jumapili wana haki ileile ya kupumzika na mwenzake, na hakuna kati yao anayepaswa kuomba msamaha kwa ajili hiyo.