Kutoka Hospitali Si Kufika Ujiji

Katika zama za misafara wapagazi waliotoka Bagamoyo walipumzika Tabora, kisha wakafunga tena mizigo kuelekea Ujiji. Aliyelala Tabora hakudhani kwamba safari imekwisha. Twaukumbuka mfano huo kila tumwonapo mgonjwa wa moyo akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Kitete. Jamaa humshukuru Mungu, na ni wajibu wao. Lakini baada ya mwezi uvimbe wa miguu umekwisha, pumzi zimetulia, na vidonge vyasahauliwa dirishani.

Hapo ndipo penye hatari. Shinikizo la damu aghalabu halina maumivu. Dawa hulishusha, wala haiondoi asili yake; ikiachwa, shinikizo hupanda kimya kimya, na moyo uliokwisha kuchoka hulemewa tena, au huja kiharusi. Mwaka 2012 hadi 2013 walichunguzwa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilishindwa kazi. Chanzo kilichotangulia vyote kilikuwa shinikizo la damu, kwa wagonjwa 45 katika kila 100. Basi kulitawala ndiko kuulinda moyo.

Chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya thamani katika njia ile ya misafara. Leo chumvi ni rahisi, nayo imezidi vyunguni. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Wala mgonjwa asipikiwe peke yake: chungu chenye chumvi haba chawafaa wote nyumbani.

Penye mizani, mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, au miguu ikivimba, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, arudishwe hospitali bila kukawia.

Kabla ya Ramadhani kuandama, amwone daktari. Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kuacha dawa ili afunge si uchaji Mungu.

Nanyi vijana, someni kadi ya kliniki ya wazee wenu, na vihesabuni vidonge kabla havijakwisha. Huo nao ni mzigo wa safari, na wenye mabega ni ninyi.

Wabillahi tawfiq.